Rupia 3 za Mjerumani na mtu wa Ngarambe

Leo muziki tuuweke pembeni kidogo, nina stori ya kodi.

Mmeshaona zile klipu za Wamarekani wanaosema wao ni raia huru, eti kodi haiwahusu kwa sababu hawajasaini mkataba na serikali? Uingereza nako wapo wanaogoma kulipa kwa kutaja Magna Carta, hati ya mwaka 1215. Wakifika mahakamani wanapigwa chini. Nilicheka sana, halafu nikakumbuka Rufiji.

Mwaka 1898 Mjerumani alianzisha kodi ya nyumba. Kijijini ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Sasa mkulima wa kule rupia anaitoa wapi? Ndiyo ilikuwa akili yenyewe: ukose hela, uende ukamfanyie kazi mzungu. Kuanzia 1902 likaongezeka shamba la pamba la lazima, na malipo yake ni aibu hata kuyataja.

Leo Katiba yetu, ibara ya 138, inasema hakuna kodi bila sheria ya Bunge. TRA wakikukadiria vibaya, una siku 30 za kuweka pingamizi. Wale wazee wangempelekea nani pingamizi? Akida? Akida si ndiye mkusanyaji!

Basi, 1904 akatokea Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe. Wengi tumemjua kwa tamthiliya ya Ebrahim Hussein. Inasimuliwa alizama mtoni, akaibuka kesho yake nguo kavu. Akawa anawapa watu maji ya dawa ili risasi zisiwadhuru. Umatumbi nzima ikamiminika kwake.

Stori huwa inaishia kwenye risasi. Lakini wazee waliohojiwa miaka ya 1960 walikumbuka neno lingine: alifundisha kwamba watu wote ni wa Sayyid Said, wa Sayyid peke yake. Yaani Sultani wa Zanzibar, aliyefariki 1856! Karibu miaka 50 kaburini. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo ilikuwa hoja yao ya kisheria: kama mwenyewe wetu ni Sayyid, huyu Mjerumani anatudai kama nani? Kichekesho? Mjerumani naye alikuwa na karatasi gani ya maana, zaidi ya bunduki?

Kinjikitile aliwaambia wasubiri ishara yake. Watu walikuwa wamechoka. Julai 1905 kule Nandete waling'oa pamba, vita ikaanza. Tarehe 4 Agosti yeye akanyongwa Mohoro, huku huku Rufiji, moto ndiyo kwanza unasambaa kusini.

Iliendelea mpaka 1907. Wajerumani walichoma maghala na mashamba, njaa ikaua kuliko risasi. Wenyewe walihesabu waliokufa 75,000. Wanahistoria wengine wanafika 250,000 na zaidi.

Yale mashamba ya lazima ya pamba yaliachwa. Kodi ya nyumba haikufutwa. Waliobaki hai waliendelea kudaiwa.