Mori, Jazba na Miguu ya Bayi

Kiswahili kina maneno kadhaa ya joto la mwanamichezo, na hayalingani. Mwenye mori tunamsifu, mwenye jazba tunamwonya, mwenye kiwewe tunamhurumia. Kocha wetu wa sekondari alijua hilo la kwanza tu. Kabla ya mechi alitufokea mpaka mikono ikatutetemeka, na dakika kumi za mwanzo tukawa tunacheza rafu, mpira wenyewe hatuuoni.

Kumbe panya walishaonyesha hatari hiyo mwaka 1908. Wamarekani Robert Yerkes na John Dodson waliwafundisha kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi. Panya akikosea, anapigwa shoti ya umeme. Tofauti ilipokuwa rahisi kuiona, shoti kali iliharakisha somo. Ilipokuwa ngumu, shoti kali iliwavuruga. Ya wastani ndiyo iliyofaa. Wanasaikolojia wa michezo wakachora kilima: msisimko ukipanda, uchezaji unapanda nao, ukizidi unaporomoka. Baadaye Yuri Hanin, wa iliyokuwa Urusi ya Kisovieti, akasema kila mchezaji ana kiwango chake. Kinachomfaa huyu kitamchoma yule.

Mimi hoja ya Hanin naiona Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974, fainali ya mita 1500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Desturi ya mbio hizo ni kujibanza kundini na kuutunza moto kwa ajili ya mita za mwisho. Filbert Bayi, mwanajeshi kijana wa Tanzania, hakuutunza. Alitoka mbele tangu mwanzo, mzunguko wa kwanza chini ya sekunde 55, mtu ukiangalia unasema huyu atakufa njiani. Hakufa. John Walker wa New Zealand alimkimbiza hadi utepe, akakosa. Bayi: 3:32.16, rekodi ya dunia. Walker naye, 3:32.52, alikuwa ndani ya rekodi ya zamani. Ben Jipcho wa Kenya akawa wa tatu.

Kwa mwingine kasi ile ingekuwa jazba tupu. Kwa Bayi, huko mbele hakuna viwiko wala kubahatisha nani atachomoka lini. Nadhani ndiko alikotulia.

Montreal 1976 Tanzania iligoma pamoja na nchi nyingi za Afrika, na Walker akachukua dhahabu kwa 3:39.17. Inauma hadi leo.

Moscow 1980 Bayi alikuja na mbio nyingine, mita 3000 kuruka viunzi na maji, lakini moto ni uleule. Akaongoza kwa mbali. Ila hapa miguu haikimbii tu, inapima kiunzi, inaruka, inatua, inaanza upya. Ni kile kisanduku kigumu cha panya. Mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia, akampita. Bayi akamaliza kwa 8:12.48, na medali ya fedha. Suleiman Nyambui akaleta nyingine ya fedha katika mita 5000, na mpaka leo Tanzania haijapata ya tatu.