Jiko Kuukuu na Gari Kuukuu

Historia, msomaji wangu, haikai katika vitabu peke yake. Hukaa pia mvunguni mwa kitanda, nyuma ya banda la kuku, na katika nyasi ndefu za pembeni mwa ua, ambako watu huvitupa vyombo walivyovichoka. Mtu akiokota chombo cha namna hiyo, akakisugua kutu na kukitengeneza kwa mikono yake, hupata faida mbili: hupata chombo, na hupata habari za watu waliokitumia kabla yake. Nataka kukuonyesha jambo hilo kwa vyombo viwili, jiko na gari.

Mtaa wa Kihoto uko Naivasha, karibu na ziwa. Jina lake ni la Kikuyu, na maana yake ni haki, au hoja iliyo ya haki. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda yakaingia mtaani, na watu wengi wakahama nyumba zao. Mwenye kuhama upesi habebi mengi. Walakini jiko halisahau, kwa kuwa popote atakapolala hapana budi ale. Jiko lililolowa maji hushika kutu, na lenye kutu hupelekwa kwa fundi wa jua kali, ambaye hukata kipande cha pipa la mafuta, akakikunja, akakipigilia ribiti, na jiko likarudi kazini.

Je, jiko hilo lilitoka wapi? Wazee wetu walipikia kuni juu ya mafiga matatu. Jiko la bati la makaa lilikuja baadaye, na kwa kawaida husemwa kwamba lililetwa na Wahindi waliojenga reli, ile iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Naivasha na Nakuru, ikafika Kisumu mwaka 1901. Lilikuwa jepesi na rahisi kuundwa, lakini lilikuwa na ila moja kubwa. Ukuta wake ulikuwa bati tupu. Basi joto lilitokea ubavuni badala ya kupanda kwenye sufuria, na makaa yakaisha upesi. Makaa yakiisha upesi, miti nayo huisha upesi.

Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano mjini Nairobi juu ya nishati mpya, na katika miaka iliyofuata wataalamu, miongoni mwao Maxwell Kinyanjui, walishirikiana na mafundi kutafuta dawa ya ila hiyo. Walitazama majiko ya Thailand yenye ukuta wa udongo uliochomwa, lakini hawakuyaiga tu. Bati walilipa kiuno chembamba katikati: nusu ya juu ikabeba bakuli la udongo lenye matundu, na nusu ya chini ikapokea majivu na kuingiza hewa kwa mlango mdogo. Hilo ndilo jiko la kauri, ambalo likitengenezwa vema laweza kupunguza makaa kwa theluthi moja au hata nusu. Halikungoja kiwanda kikubwa. Liliundwa na mafundi wa bati na wafinyanzi, kwa nyundo na patasi zile zile zilizounda jiko la zamani.

Sasa tazama gari. Mwaka 1953 yalianzishwa mashindano ya magari ya Safari, yaliyopita katika barabara za Afrika ya Mashariki zenye vumbi, mawe na matope. Ukali wake utaujua kwa hesabu hii: mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakarudi 7 tu. Basi mwaka 1965 alishinda Joginder Singh, fundi makanika mzaliwa wa Kericho, pamoja na nduguye Jaswant. Gari lao, Volvo, halikuwa jipya. Lilikuwa limekwisha tumiwa na timu ya kiwanda, kisha likawa mikononi mwa ndugu hao, wakalitengeneza. Ushindi wao ulikuwa ushindi wa dereva, na ulikuwa pia ushindi wa spana. Mwaka 2021, mashindano hayo yaliporudi katika orodha ya ubingwa wa dunia, kituo chake kilikuwa Naivasha.

Tena, gari likifa halifi lote. Springi zake hufuliwa panga na visu. Matairi yake hukatwa yakawa akala za kuvaa miguuni. Na pipa lililoleta mafuta yake ndilo likawa jiko. Hivyo vyombo vyetu viwili ni jamaa.

Nina kosa la kuungama hapa. Nyumbani kwetu palikuwa na jiko la bati la bibi yangu na Land Rover isiyokwenda. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu niliona haya, nikamshauri baba aviuze vyuma chakavu. Vilipimwa kwa kilo vikachukuliwa siku moja. Baba amekwisha fariki. Leo nafundisha historia, nami sijui gari lile lilinunuliwa kwa nani, wala lilibeba akina nani, wala bibi alilipata wapi jiko lake. Niliuza majibu kabla sijauliza maswali.

Wewe usifanye hivyo. Anza na jiko. Ondoa majivu, sugua kutu kwa brashi ya waya, tazama nyufa za udongo. Ufa mdogo uzibe kwa udongo uliochanganywa na saruji, uache ukauke, kisha washa moto mdogo kwanza. Liwashe nje, kwa maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua katika chumba kilichofungwa. Ukifika kwenye gari, usiingie chini yake likiwa juu ya jeki pekee. Kama ni Land Rover ya zamani, usidanganywe na uso wake. Gari hilo lilizaliwa mwaka 1948, chuma kilipokuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi yake ilifanywa kwa alumini, isiyoshika kutu kama chuma. Chesisi ni ya chuma. Huenda juu ni kuzima na chini kumekwisha oza. Anza kukagua chini.

Nawe uwe na daftari kando ya spana. Mwulize babu, shangazi au jirani: nani alikinunua chombo hiki, mwaka gani, kwa fedha ya mazao gani? Andika usikiavyo. Chombo kikishindikana kutengenezwa, daftari litabaki. Lakini mwenye kujua habari zake asikupite, kwani yeye hana vipuri.