Spitfire ya shilingi mbili

Machi 5 mwaka huu wa 2026, ndege ya kivita Spitfire imetimiza miaka 90 tangu Joseph Summers airushe kwa mara ya kwanza kutoka uwanja wa Eastleigh, karibu na Southampton. Tunakumbushwa tena habari za R. J. Mitchell, mhandisi aliyeibuni, akafariki kwa saratani mwaka 1937 akiwa na miaka 42, kabla hajaiona ikipigana. Tunakumbushwa pia vita vya anga vya mwaka 1940. Yote hayo yanastahili kusimuliwa. Lakini Spitfire zilizoundwa viwandani kwa ajili ya vita zilikuwa elfu ishirini na ushee tu. Spitfire zilizoundwa juu ya meza za jikoni, kwa gundi na wembe, ni nyingi kuliko hizo mara nyingi sana, na historia yake haina mnara.

Moja ya hizo iko mbele yangu. Ni ya kampuni ya Airfix, aina ya Mark IX, na kalibu yake ilichongwa mwaka 1960. Boksi limelegea pembeni na karatasi ya maelekezo imeanza kukatika kwenye mikunjo. Plastiki yenyewe haina shida yoyote. Ukiipiga kwa ukucha inalia kama ya jana.

Mengi kuhusu kampuni hii tunayapata kwa Mwingereza Arthur Ward, aliyeiandikia vitabu. Mwanzilishi wake, Nicholas Kove, alikuwa Myahudi kutoka Hungaria, mkimbizi aliyefika Uingereza vita vikinukia. Mwaka 1939 alianza kutengeneza vitu vya mpira vya kujaza hewa, na jina Airfix alilichagua ili litokee mapema kwenye orodha za wafanyabiashara. Baada ya vita akanunua mashine ya kusukuma plastiki ya moto ndani ya kalibu, akawa mtengenezaji mkubwa wa vitana.

Mwaka 1949 ikaja kazi ya kutengeneza trekta dogo la Ferguson, la mawakala wa mauzo kuwaonyesha wateja. Kuliunganisha kiwandani kulikula muda na fedha, hivyo Airfix ikaanza kuliuza likiwa vipande, mnunuzi aliunge mwenyewe. Kisha ikafuata Golden Hind, merikebu ya Francis Drake, ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa kwa karatasi juu. Iliuzwa katika maduka ya Woolworths kwa shilingi mbili. Msomaji wa kwetu anaweza kuipima bei hiyo bila shida: shilingi ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilikuwa sawa na ya Mwingereza, ishirini kwa pauni.

Merikebu iliuzika vizuri, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wasaidizi wawili wa Kove, Ralph Ehrmann na John Gray, walitaka kitu cha pili kiwe ndege, na ndege hiyo iwe Spitfire. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache tu iliyopita na kila mtoto wa Kiingereza aliijua sura yake. Mzee akakataa katakata. Kwa hesabu zake nani angenunua? Kalibu si kitu cha kujaribia. Ni vipande vikubwa vya chuma vya kufumbatana, vinavyochongwa kwa miezi, na gharama yake inalipwa yote kabla hujauza hata kijindege kimoja. Ehrmann na Gray hawakurudi nyuma. Kove akatishia kwamba gharama ya kalibu angewatoza wao.

Ugomvi huo husimuliwa kama kisa cha vijana wenye maono na mzee mkaidi. Mimi namwonea huruma mzee. Mtu aliyewahi kuacha nyumba na mali akaanza upya ugenini anajua fedha inavyopotea. Hata hivyo safari hii alikosea. Spitfire ilitoka, kwa kipimo cha moja kwa sabini na mbili, na watoto wakaigombania.

Haikuwa nzuri. Inaelezwa kwamba iliigwa kutoka Spitfire ya kampuni ya Kimarekani, Aurora, ikapunguzwa ukubwa pamoja na makosa yake. Hata herufi za ubavuni, BT-K, zililalamikiwa na waliozijua herufi za vikosi vya kweli. Leo wakusanyaji huiita kwa herufi hizo hizo tu, kama jina la ndugu. Kutoka hapo Airfix haikugeuka nyuma: zilifuata ndege za kila taifa lililopigana, meli, mizinga, askari.

Ile iliyo mezani kwangu ilichongwa na mafundi waliokwisha kujifunza. Mabawa yake, yenye ule mviringo uliomtambulisha Mitchell, yana upana wa sentimita 15 na nusu, yaani yanaenea kiganjani. Yamejaa vipele vidogo vya ribiti. Spitfire halisi ilikuwa laini upande wa mbele wa bawa, maana upepo haupendi vipele, na vipele hivi ukivikuza mara 72 vinafikia ukubwa wa kifuniko cha soda. Wajuzi wa leo huvifuta kwa msasa. Mimi nimeviacha, kwa sababu kila kipele ni tundu ambalo mtu alilitoboa kwenye chuma. Kalibu husema kinyume: kilichochimbwa huinuka, kilichoinuka huzama. Fundi alilazimika kuiona ndege nzima kichwani ikiwa imepinduliwa ndani nje.

Na jina la fundi huyo halimo kwenye boksi wala kwenye karatasi ya maelekezo. Mchoraji wa maboksi, Roy Cross, aliyeifanyia Airfix kazi kuanzia 1964 hadi 1974, walau alipata heshima yake kabla ya kufariki Aprili 2024 akiwa na miaka 100, ingawa baadaye milipuko na moshi vilifutwa kwenye baadhi ya picha zake ili maboksi yasionekane ya kivita mno. Wachonga kalibu hawakupata hata hilo. Linaniuma.

Majina mengine yaliyosahaulika yako karibu nasi zaidi. Wakati wa vita, pauni 5,000 ndiyo bei iliyotangazwa kwa aliyetaka kuchangia Spitfire moja, na makoloni yakachanga. Kikosi namba 72 cha jeshi la anga la Uingereza kilibeba jina la Basutoland, Lesotho ya leo, kwa sababu Wabasotho walitoa fedha zao. Ni watu wangapi waliobandika stika za kikosi hicho wanaojua jina hilo lilitoka wapi?

Airfix ilianguka mwaka 1981. Ikanunuliwa na Palitoy, kalibu zikasafirishwa hadi Ufaransa kama mizigo mingine yoyote. Mwaka 1986 ikaenda kwa Humbrol, nayo ikafilisika mwaka 2006, kisha Hornby wakaichukua. Leo kalibu nyingi za zamani bado zinatoa vijindege, na vingine vinauzwa na picha za Cross juu.

Kazi yangu imechukua jioni sita. Gundi ya vijindege ina harufu kali na haigandishi kama gundi ya mbao: inayeyusha kingo mbili za plastiki zikawa kitu kimoja, ukikosea hakuna kurudi. Kwenye shina la bawa pamebaki mwanya wa kupitisha karatasi, nimeujaza pati. Stika zilikuwa zimegeuka manjano, nikazibandika dirishani wiki mbili jua lizifue. Herufi JE-J, za ndege ya rubani Johnnie Johnson, zilikubali kuteleza kutoka kwenye karatasi yake baada ya dakika moja ndani ya maji. Duara moja la rangi za taifa lilipasuka vipande vitatu, nikalipanga upya kwa ncha ya brashi.

Kabla sijafunga bawa la kushoto niliona kwa ndani mstari mwembamba ulioinuka, kama unywele, usio sehemu ya ndege yoyote. Nilidhani ni uchafu, nikaukwangua kwa ukucha. Haukutoka. Ni mahali ambapo chombo cha fundi kiliteleza juu ya chuma, mwaka 1960, na mkwaruzo huo umo ndani ya kila bawa lililotoka kwenye kalibu ile. Msasa ulikuwa mkononi. Nikauweka chini, nikapaka gundi ukingoni, nikafunga bawa.