Kompyuta Imekataa Nenosiri? Jaribu Hizi Kabla Fundi Hajaifomati

Uko home Othaya, Juni inaisha, na unataka kujaza ritani za KRA kabla ya tarehe 30 juu ukichelewa faini ni Sh2,000. Unawasha laptopu, inakuambia nenosiri si sahihi. Tulia msee. Usiikimbize kwa fundi sai, juu fundi mwenye haraka atakuambia dawa ni kufomati, na hapo picha na kazi zako zote zinaenda.

1. Anza na kibodi
Angalia Caps Lock na Num Lock. Kisha bonyeza alama ya jicho uone kile unachapa. Kama laptopu yako ni ya mtumba kutoka Uingereza, chunga sana: kwa kibodi ya huko, alama ya @ na ile ya kufungua usemi (") zimebadilishana nafasi. Lugha ya kibodi unaibadilisha pale chini kulia.

2. PIN si nenosiri
PIN ya Windows inafanya kwa hiyo mashine pekee. Nenosiri la akaunti ya Microsoft linafungua akaunti yako popote. Watu wengi huchanganya hizi mbili, wanakwama bure.

3. Weka jipya
Kama unatumia akaunti ya Microsoft, chukua simu uingie account.live.com/password/reset. Utatumiwa kodi kwa namba au imeili uliyoandikisha. Ukimaliza, unganisha laptopu na intaneti, hata ya simu, ndio ilijue nenosiri jipya. Kama akaunti ni ya hapo kwa mashine tu, kosea mara moja, utaletewa nafasi ya kujibu yale maswali matatu uliyoweka.

4. Skrini ya bluu ikitaka tarakimu 48
Hiyo ni BitLocker. Ingia aka.ms/myrecoverykey kwa simu na akaunti yako ya Microsoft uone kama zimehifadhiwa huko. Usikubali kufomati kabla hujaangalia.

5. Laptopu imefunguka, iTax imekataa
Hapa ndio noma iko. iTax hutuma nenosiri jipya kwa imeili iliyoandikishwa na PIN yako ya KRA. Kama ulifunguliwa PIN kwa saiba na jamaa akaweka imeili yake, wewe utangoja hadi kesho. Beba kitambulisho, panda mat hadi Huduma Centre Nyeri, uombe imeili ibadilishwe.

Kwa ufupi, kusahau nenosiri si shida kubwa. Shida ni kupoteza namba na imeili za kukurudisha ndani. Laini ukiiacha muda mrefu bila kuitumia inaweza kupewa mtu mwingine, na kodi zako zitamfikia yeye. Kwa hivyo leo, kabla mambo hayajaharibika, ingia Gmail, Microsoft na eCitizen uhakikishe namba iliyo huko ni ile iko kwa simu yako sai. Ni dakika kumi tu.