Injini zisizouzwa dukani: historia ya waundaji wa treni ndogo

Mwaka 1942, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, mchungaji mmoja wa Kanisa la Anglikana nchini Uingereza, Wilbert Awdry, alikuwa akimtengenezea mwanawe Christopher treni za kuchezea kwa mpini wa fagio na vipande vya mbao. Viwanda vilivyozoea kutengeneza treni za watoto vilikuwa vimegeuziwa zana za vita. Mtoto aliomba injini kubwa iitwayo Gordon, aliyoisikia katika hadithi za baba yake. Baba akaona hiyo itamshinda, akaunda injini ndogo ya magurudumu sita na kuiita Thomas. Kitabu cha Thomas kilitoka mwaka 1946, na leo watoto wa Dar es Salaam na Mombasa wanaifahamu injini hiyo ya buluu kupitia televisheni.

Awdry hakuwa peke yake. Kwa zaidi ya miaka mia moja, hasa Uingereza, Ujerumani na Marekani, wako watu ambao jioni baada ya kazi huketi mezani na kuunda vichwa vya treni vidogo vinavyotembea kwenye reli. Wapo wanaoanza na bati tupu, wakakata na kuunga kila kipande kwa mikono yao. Wapo wanaonunua injini ya kiwandani, wakaikata na kuigeuza kuwa injini nyingine kabisa. Njia hizo mbili zina historia moja, nayo ina funzo: kila viwanda vilipoboresha bidhaa zao, ilitabiriwa kwamba ufundi huu utakufa. Haukufa. Ulihamia kwenye injini ambazo kiwanda hakikuzijali, na miongoni mwake zimo zilizopita kwenye reli zetu za Afrika Mashariki.

Reli zapata kipimo

Katika maonyesho ya biashara ya Leipzig mwaka 1891, kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilionyesha treni za kuchezea zenye reli za upana maalumu uliopewa namba. Hatua hiyo ilifungua mlango kwa fundi wa nyumbani. Upana wa reli ukishajulikana, gurudumu lililotengenezwa na mtu mmoja linaweza kupita kwenye reli iliyotengenezwa na mwingine, na mtu anaweza kuunda injini moja bila kulazimika kutengeneza kila kitu kinachoizunguka.

Huko Northampton, Uingereza, W. J. Bassett-Lowke alianzisha biashara yake mwaka 1899. Mwaka uliofuata, katika maonyesho makubwa ya Paris, alikutana na watengenezaji wa Kijerumani wa kampuni ya Bing. Kwa msaada wa mhandisi Henry Greenly, aliyechora ramani za injini, walianza kuwauzia Waingereza treni ndogo zilizofanana na zile walizoziona stesheni. Zaidi ya injini kamili, Bassett-Lowke aliuza vipuri na michoro, kwa hiyo mteja aliyetaka kujiundia mwenyewe alipata mahali pa kuanzia. Mwaka 1910 ikaanzishwa The Model Railway Club ya London, iliyopo hadi leo, na wapenzi wa kazi hii wakapata ukumbi wa kukosoana na kufundishana.

Baadaye vipimo vilipungua. Kipimo cha 0, chenye reli za upana wa milimita 32, kilihitaji nafasi kubwa. Miaka ya 1920 ikaja reli ya mezani ya Bing yenye upana wa milimita 16.5, karibu nusu ya ile. Hapo Waingereza walikutana na tatizo lao wenyewe. Mahandaki na madaraja yao ni madogo kuliko ya bara la Ulaya, kwa hiyo injini zao nazo ni nyembamba. Mota za wakati ule hazikuenea ndani ya bodi iliyopunguzwa kwa uwiano halisi. Suluhisho lao lilikuwa kukuza bodi hadi milimita 4 kwa kila futi na kuiacha reli ilivyo. Kipimo hicho kinaitwa 00, na Hornby wa Liverpool walipotoa treni zao za Dublo mwaka 1938 kilishika mizizi. Matokeo yake ni kwamba treni nyingi za modeli za Uingereza, hadi leo, zinasimama kwenye reli ambayo kwa kipimo cha kweli imepungua karibu sentimita 18. Dosari hiyo ilikuja kuzaa mafundi wakali kuliko wote.

Vitabu na msumeno

Kabla na wakati wa vita, bwana mmoja wa London, John Ahern, alikuwa akijenga nyumbani kwake reli ya kubuni aliyoiita Madder Valley. Aliunda nyumba, bandari, miti na injini zake mwenyewe, kisha akaeleza kwa utulivu jinsi alivyofanya. Kitabu chake kuhusu uundaji wa injini ndogo, kilichotoka mwaka 1948, kiliwafanya watu wa kawaida waamini kwamba kazi hii haihitaji karakana ya kiwanda. Ahern alifariki mwaka 1961, na reli yake sasa imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Pendon, Oxfordshire.

Wakati kitabu chake kinasomwa, hali ilikuwa inabadilika. Mwaka 1949 lilianza jarida la Railway Modeller, na miaka ya 1950 kampuni ya Tri-ang ikaleta treni za plastiki za bei ambayo familia ya mfanyakazi iliweza kumudu. Kinyume na hofu ya wengi, plastiki hiyo ndiyo iliyoleta enzi ya kugeuza. Kijana alinunua injini ndogo ya Tri-ang, akaivua bodi, na kubaki na chasisi yenye mota na magurudumu yaliyokwisha kupangwa. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa imefanywa na kiwanda. Yeye alibaki na kazi ya juu: kukata boila kwa msumeno mwembamba, kurefusha kibanda cha dereva, kuweka dohani nyingine, kuziba nyufa na kupaka rangi za shirika alilolipenda.

Kampuni ndogo zikaona fursa. Wills walitengeneza bodi za aloi laini zilizokusudiwa kukaa juu ya chasisi za Tri-ang, na K's nao wakauza seti za kuunganisha za aloi kama hiyo. Aloi hiyo huyeyuka haraka, kwa hiyo mafundi walijifunza kutumia risasi ya kuchomelea inayoyeyuka kwenye nyuzi joto 70 tu, chini ya joto la maji yanayochemka. Aliyekosea kuunga aliitumbukiza injini yake katika maji ya moto, vipande vikaachana, akaanza upya. Mwaka 1959 Kitmaster nao walianza kutoa injini za plastiki za kuunganisha zisizo na mota, na haikuchukua muda watu wakawa wanazitia mota.

Robo mzunguko

Ipo hatua moja katika kazi hii inayotenganisha injini inayotembea na pambo la kabatini, na inafaa kuitazama kwa karibu.

Injini ya mvuke yenye silinda mbili hupangwa ili upande wa kulia na wa kushoto upishane kwa robo mzunguko, yaani nyuzi 90. Pistoni ikifika mwisho wa mwendo wake haina nguvu ya kusukuma gurudumu. Kwa kupishanisha, upande mmoja unapofika mwisho, mwingine uko katikati ya nguvu zake, na injini inaweza kuondoka popote iliposimama. Modeli inaendeshwa na mota inayozungusha ekseli moja, lakini sheria ni ile ile, kwa sababu vyuma vya pembeni ndivyo vinavyopeleka mwendo kwenye ekseli nyingine. Si lazima pembe iwe 90 kamili, ila lazima ekseli zote zilingane. Moja ikipotoka kidogo tu, injini huchechemea au hukwama kabisa.

Kwa hiyo fundi huanza na vyuma vya pembeni kabla ya fremu. Huvitoboa kwanza, kisha hutumia matundu yake kama kiongozi wa kutobolea matundu ya ekseli kwenye fremu, ili umbali ulingane bila kubahatisha. Fremu mbili, za kulia na kushoto, huungwa pamoja kwa matone ya risasi zikiwa bati bapa la shaba ya njano, zikatobolewa na kukatwa kwa msumeno wa sonara na kulainishwa kwa tupa zikiwa kitu kimoja. Hapo ndipo hutiwa moto na kutenganishwa. Kilichopindika upande mmoja kimepindika vilevile upande wa pili, na injini inanyooka. Kanuni hizi hazikutoka kwa mwalimu mmoja. Zimejengwa na watu waliokosea, wakarekebisha, wakaandika kwenye majarida ili wengine wasirudie.

Milimita 18.83

Baadhi ya mafundi hawakukubali kuishi na reli iliyopungua. Kwanza walipanua hadi milimita 18. Katika miaka ya 1960 kikundi kingine kikafanya hesabu hadi mwisho: reli ya kawaida ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435, na kwa kipimo cha milimita 4 kwa futi jibu ni 18.83. Kipimo hicho kiliitwa Protofour, na wanaokifuata leo wanakiita P4. Anayekichagua hawezi kuchukua injini ya dukani na kuiweka relini. Lazima abadilishe magurudumu na mara nyingi aunde chasisi mpya. Anachokipata ni treni inayosimama kama ile halisi inavyosimama, na kwa macho yaliyozoea tofauti ni kubwa.

Pendon inaonyesha ufundi huu unaweza kufika wapi. Ilianzishwa mwaka 1954 na Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925 na kuumizwa na jinsi nyumba za zamani za mashambani zilivyokuwa zikibomolewa. Aliamua kuzihifadhi kwa modeli zilizopimwa kwa uaminifu. Injini nyingi zinazopita humo ziliundwa na Guy Williams, aliyeandika pia kitabu cha mwongozo kwa waundaji wa kipimo cha milimita 4. England alilenga kutunza kumbukumbu ya nchi inayobadilika, na hilo ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kazi yote hii.

Asidi, China na printa

Miaka ya 1970 ilileta seti zilizochongwa kwa asidi: mchoro hupigwa picha juu ya bati jembamba, asidi ikala pasipotakiwa, na vipande hutoka vikiwa na alama ya kila ribiti. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chapa kubwa za Uingereza zilihamishia uzalishaji China, na injini za dukani zikapata undani ambao zamani fundi stadi peke yake ndiye aliyeumudu. Sasa printa za 3D zinatoa bodi nzima kutoka kwenye faili la kompyuta.

Kila mara ilisemwa mambo yamekwisha. Lakini kiwanda hutengeneza kinachouzika kwa maelfu. Injini ya shirika dogo, au ya nchi ya mbali, hubaki nje ya katalogi. Mwenye kuitaka anarudi kwenye bati, tupa na michoro, na sasa anaiongeza printa kuwa kifaa kingine mezani.

Mount Gelai

Hapo ndipo historia hii inapofika kwetu. Mwaka 1955 na 1956, Beyer, Peacock wa Gorton, Manchester, walilijengea Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki injini 34 za daraja la 59. Zilikuwa za aina ya Garratt, iliyoombewa hataza mwaka 1907 na Herbert William Garratt: boila moja kubwa inaning'inia kati ya mashine mbili zenye magurudumu, kila moja ikiweza kujigeuza kwenye kona. Zilikuwa na uzito wa tani 252, zikawa injini za mvuke kubwa kuliko zote zilizowahi kupita kwenye reli ya meta moja, na zikavuta mizigo kutoka usawa wa bahari Mombasa hadi Nairobi, zaidi ya meta 1,600 juu. Zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilizosalia ni mbili, na zote ziko katika Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi: namba 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena.

Kwa kipimo cha milimita 4 kwa futi, injini hii hufikia urefu wa kama sentimita 41 juu ya reli yenye upana wa milimita 13 tu. Ni mtihani kwa fundi yeyote. Inahitaji chasisi mbili zinazosukuma kwa nguvu sawa, na boila isiyo na kitu chini yake, kwa hiyo mota hufichwa ndani ya matangi ya mbele na nyuma. Wengine hupunguza ugumu kwa kugeuza chasisi za kiwandani za reli ya milimita 12, zilizo karibu na kipimo hicho. Njia ya Tri-ang ya miaka ya 1950 bado inafanya kazi.

Nyaraka na michoro ya Beyer, Peacock imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Sayansi na Viwanda, Manchester. Injini zenyewe ziko Nairobi, mahali ambapo fundi wa hapa anaweza kuzipima kwa mkono. Wazee waliozihudumia kwa akili na jasho lao, madereva na mafundi wa karakana, wanazidi kupungua, nao ndio wanaojua bomba gani lilihamishwa na rangi gani ilipakwa, mambo ambayo mchoro wa kiwandani hausemi. Vyuo vyetu vya ufundi vina wanafunzi wanaojifunza kupima, kukata na kuchomelea kila siku. Kuunda Mount Gelai kwa kipimo kidogo kungewafundisha yote hayo kwa pamoja, na kungeiachia nchi kumbukumbu sahihi ya mashine zilizobeba uchumi wake. Kati ya injini 34, tumeshapoteza 32. Kazi ya kuzipima mbili zilizobaki ianze wakati waliozijua bado wapo wa kuulizwa.