Pombe ya Ndizi ya Mlima Meru

Somo letu la leo ni habari za kinywaji cha Mlima Meru.

Zamani Wameru walilima migomba mlimani. Yapata miaka ya 1830 Waarusha walikuja kukaa karibu nao, wakajifunza kilimo hicho. Ndizi mbivu zilipikwa, zikachanganywa na ulezi uliooteshwa, ikawa pombe. Wazee walipokwisha kuamua ugomvi, mara nyingi wagomvi walikunywa pamoja, kuwa alama ya mapatano. Pombe hiyo haikukaa. Baada ya siku chache ilichachuka. Basi mnywaji alimjua mpishi wake, na nguvu ya pombe aliijua kwa kuionja.

Katika miaka ya 1990 kiwanda cha Banana Investments kilianza kutengeneza mvinyo wa ndizi mjini Arusha. Mvinyo wa chupa hukaa siku nyingi, tena husafiri mbali. Mnywaji hamjui tena mpishi. Badala yake ipo karatasi iliyobandikwa chupani, nayo ina tarakimu ya asilimia. Ikiwa ni 12, maana yake katika sehemu 100 za kinywaji, 12 ni kilevi. Bia nyingi zina 5 hivi. Kwa hiyo bilauri moja ya mvinyo huo hushinda bilauri mbili za bia. Ulimi hudanganyika, maana utamu huficha ukali. Jicho lililojifunza kusoma halidanganyiki.

Leo jioni tafuteni chupa tupu, msome tarakimu yake. Kwaherini.