Mwenye Funguo

Lutindi iko juu katika milima ya Usambara, wilayani Korogwe. Mwaka 1896 wamisionari wa Kijerumani walifungua huko makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Haikupita miaka kumi, nyumba zile zikaanza kupokea wagonjwa wa akili, watu ambao zama hizo mara nyingi waliishia gerezani.

Wamisionari hao walikuja na desturi ya kituo cha Bethel, karibu na Bielefeld huko Ujerumani, ambako wenye kifafa walifanya kazi za mikono pamoja na waliowahudumia. Kwa hiyo mlezi wa Lutindi alishika jembe sawa na mgonjwa wake. Hadi leo kuna shamba la chai pale, na karakana.

Serikali za kikoloni zilishika njia nyingine. Nairobi, mwaka 1910, hospitali ya wendawazimu ilifunguliwa palipokuwa kambi ya kutenga wagonjwa wa ndui. Ndiyo Mathari ya leo. Wagonjwa walitengwa kwa rangi. Kuanzia mwaka 1938 iliongozwa na Dkt. J. C. Carothers, aliyekuja kuandika kwamba Mwafrika hutumia ubongo wake wa mbele kidogo kuliko Mzungu. Ni aibu kubwa ya taaluma ya tiba ya akili, kwa sababu katika wodi zilezile wahudumu Waafrika ndio waliosikia mgonjwa anasema nini kwa lugha yake, analia nini, anamwita nani usiku. Lakini kazi waliyopewa ilikuwa ya ulinzi: bunda la funguo kiunoni, na asitoroke mtu.

Tanganyika ilipata Mirembe, Dodoma, katika miaka ya 1920. Jina hilo likashuka mitaani likawa tusi: "Huyu wa kupelekwa Mirembe." Tusi halikumwacha hata muuguzi. Mpaka leo kijana akisema anasomea uuguzi wa akili, hakosi jamaa wa kumwonya kwamba naye atachanganyikiwa.

Kilichogeuza kazi yenyewe ni dawa. Klopromazini ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1952, na ilipofika huku mlinzi ikabidi ajue vipimo, aone madhara yake, mikono inayotetemeka na shingo iliyokakamaa. Akajifunza pia ujanja wa wodini, kidonge kilichofichwa shavuni. "Fungua mdomo. Haya, inua ulimi." Maneno madogo, lakini yanataka mtu asiyefoka, maana mgonjwa akishavunjiwa heshima mara moja, kesho hatafungua mdomo kabisa.

Baada ya uhuru, Tanzania ilianzisha vijiji vya wagonjwa wa akili, kimojawapo Hombolo, nje ya Dodoma, walikolima na kuishi nje ya kuta. Lile jembe la Lutindi likarudi. Miaka ya 1980, mpango ulioanzia Morogoro na Kilimanjaro ulisogeza huduma hadi hospitali za wilaya na vituo vya afya. Madaktari bingwa wa akili walikuwa wachache mno, mzigo ukamwangukia nesi.

Bado uko kwake. Siku ya kliniki anakaa na daftari lenye safu za majina na tarehe za sindano ya kila mwezi. Saa nane mchana benchi limebaki tupu, na jina moja halijatiwa alama. Anatoa simu yake.

"Shikamoo mama. Kijana hajaonekana leo, kulikoni?"